Watoto weusi kwenye vichekesho vya zamani: masanduku matatu ya diski kwa klabu ya filamu Nairobi

Ukiingia duka la muvi katikati ya jiji na flashi mkononi ukaomba The Little Rascals, vichekesho vifupi vya Kimarekani vya kundi la watoto weusi na weupe, utajaziwa mafaili kadhaa kwa bei ya chai na mandazi. Usiyaonyeshe mbele ya wanafunzi kabla ya kuyakagua. Nakala nyingi zinazozunguka zina asili yake kwenye televisheni ya Marekani, na huko zilikatwakatwa. Mwaka 1971 kampuni ya King World, iliyokuwa ikiuza mfululizo huo kwa vituo vya televisheni, ilizipitia filamu ikitoa vipande vilivyoonekana kuwadhalilisha watu weusi, na chache ikaziondoa kabisa, ikiwemo The Kid from Borneo ya 1933. Nia ilikuwa njema. Lakini anayetazama nakala hizo leo anaona watoto weusi na weupe wakicheza kwa amani, halafu mzaha unakatika ghafla katikati, na hawezi kujua kilichokuwapo pale. Huwezi kufundisha historia ya dhihaka kwa nakala iliyofutwa dhihaka.

Yapo masanduku matatu ya diski ambayo kwa pamoja yanampa mwalimu au mwendesha klabu karibu kila kitu anachohitaji kwa somo hili: The Little Rascals: The ClassicFlix Restorations, Pioneers of African-American Cinema, na Cinema's First Nasty Women. Msimamo wangu nauweka mapema. La kwanza lisionyeshwe bila la pili. Anayetazama watoto wa Hal Roach, mtayarishaji wa The Little Rascals, peke yao anabaki na sura ya mtu mweusi iliyochorwa na Wazungu, hata pale ilipochorwa kwa mapenzi, na hatajua kwamba miaka hiyo hiyo watu weusi wenyewe walikuwa wakishika kamera na kugombania picha yao.

Watoto wa Hal Roach

Mfululizo huu, ulioitwa kwanza Our Gang, ulianza 1922 na kukoma 1944, jumla ya filamu fupi 220: 88 bubu, 80 zenye sauti zilizotengenezwa na Roach kati ya 1929 na 1938, na 52 za studio ya MGM baada ya kuununua mfululizo. MGM ilichukua na jina pia. Ndiyo maana Roach alipozirudisha filamu zake sokoni, kwenye kumbi za sinema na kisha televisheni, katika miaka ya 1950 zilipewa jina jipya, The Little Rascals. Habari hii ina faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi: nakala inayofunguka kwa jina la Little Rascals ndani ya filamu yenyewe ni ya marudio hayo ya baadaye, kwa sababu ilipotoka mara ya kwanza ilifunguka kwa jina la Our Gang. Kipimo cha pili ni saa. Filamu ya reli mbili, yaani magurudumu mawili ya mkanda, ya Roach huchukua takriban dakika 18 hadi 21. Ukiona yako ina 14, kuna kitu kimetolewa. Usichanganye hapo na zile za kuanzia 1936, ambazo nyingi zilikuwa za reli moja na dakika 10 au 11 ni urefu wake halali. Cha tatu ni rangi. Hakuna filamu ya mfululizo huu iliyopigwa kwa rangi, kwa hiyo yoyote yenye rangi imepakwa baadaye.

Kampuni ya ClassicFlix ilianza kutoa juzuu zake 2021, ikizisafisha zile 80 za sauti kutoka filamu za milimita 35 na kuzipanga kwa mfuatano wa miaka, bila kukata. Mpangilio huo wa miaka ndio uzuri wake mkubwa kwa mada yetu, kwa sababu unaona jinsi nafasi ya mtoto mweusi inavyopanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Ernie Morrison, aliyejulikana kama Sunshine Sammy, alikuwa wa enzi ya filamu bubu na humpati hapa. Allen Hoskins, yaani Farina, alianza 1922 akiwa hajafika miaka miwili na akakaa hadi 1931. Matthew Beard, Stymie, aliingia 1930 akatoka 1935. Billie Thomas, Buckwheat, aliingia 1934 akabaki mpaka mfululizo ulipokufa.

Ni vizuri kuwaeleza vijana kabla ya kuwasha mashine kwamba wakati filamu hizi zinapigwa, majimbo ya kusini mwa Marekani yalitenganisha shule kwa sheria, na mambo yalibaki hivyo mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua kinyume mwaka 1954. Hapa kwetu Nairobi School ya leo ilikuwa Prince of Wales School, ya wavulana wa Kizungu, na watoto wa Kihindi na wa Kiafrika walikuwa na shule zao mbali. Kwa mwanafunzi anayelijua hilo, darasa la Teacher's Pet la 1930, ambamo Farina na Stymie wanafundishwa na mwalimu yule yule pamoja na wenzao weupe, ni jambo kubwa. Wala filamu hailitolei hotuba. Watoto wamekaa tu, wanapanga njama dhidi ya mwalimu mpya, kila mmoja kwa akili yake.

Upande wa pili haufichiki. Nywele za Farina zilizosukwa vijiti husimama wima akiogopa, na waandishi walihakikisha anaogopa mara kwa mara, hasa mizimu. Kwa miaka mingi alivalishwa hivi kwamba mtazamaji asijue ni mvulana au msichana, na Buckwheat alifanyiwa vivyo hivyo, riboni kichwani, mpaka 1936. A Tough Winter ya 1930, iliyomo kwenye juzuu ya kwanza, inamleta mchekeshaji mweusi Stepin Fetchit na ile tabia yake ya mtu mzito, mvivu, anayeburuta maneno na miguu, na sehemu kubwa ya filamu inaegemea hapo. Hiyo isiwe filamu ya siku ya kwanza kwa kundi lolote.

Kipimo ninachokipendekeza ni chepesi na kijana wa kidato cha pili anakiweza. Kwa kila tukio aandike: wazo limetoka kwa nani, nani anachekwa, nani ana neno la mwisho, na kama mtu mweusi aliyeko ana jina au ni sura tu. Kamera ikimsogelea mtu uso kwa uso aandike hilo pia, kwa sababu mwongozaji humsogelea yule anayetaka tumwelewe.

Jaribu kipimo hicho kwenye Dogs Is Dogs ya 1931. Spud, mtoto wa mama wa kambo, anapewa mayai na nyama ya nguruwe huku Wheezer na dada yake wakilazimishwa kula uji. Stymie anaingia na njaa yake. Haombi. Anamwambia Spud, kwa uso mkavu kabisa, kwamba mayai na nyama vinaweza kuzungumza. Spud anaviweka kwenye kikaango ili asikie. Jiko linafanya kazi, Spud anatega sikio, Stymie anangoja chakula kiive. Mwisho wa yote waliokuwa na njaa wanakula. Wazo ni la Stymie, anayechekwa ni Spud, na mwenye ushindi ni mtoto mweusi asiyeinua hata sauti. Angalia pia mwendo wake: anazungumza polepole, anasita kabla ya kujibu, kofia yake ya duara imekaa sawasawa. Ni ucheshi wa mtu anayejiamini, na ni Beard mwenyewe anayeubeba. Kila msomaji aliyekua na hadithi za Sungura na Fisi atamtambua Stymie mara moja.

Sasa weka kando yake The Kid from Borneo. Watoto wanakwenda kumwona mjomba wao kwenye maonyesho ya barabarani, wanamkosea, wanadhani mjomba ni Bumbo, "mtu mwitu" anayeonyeshwa kwa tiketi. Bumbo anachotaka ni peremende aliyoshika Stymie, na filamu nzima inakuwa mbio ndani ya nyumba huku akipayuka kwamba atawatafuna. Borneo ni kisiwa cha Asia. Aliyevalishwa nyasi na mifupa ni John Lester Johnson, Mmarekani mweusi na bondia wa zamani aliyepigana na Jack Dempsey mwaka 1916. Kwa waandishi wa filamu hiyo Borneo, Afrika na kwingineko kote kulikuwa mahali pamoja. Kipimo chetu kinatoa jibu lisilo na shaka: hana lugha, hana wazo lake, jina lake ni kelele, na kila anapotokea kazi yake ni kutisha. Kinachofaa kujadiliwa zaidi ni Stymie, ambaye naye anakimbia. Mtoto yule yule aliyekuwa na akili kuliko wote miaka miwili nyuma sasa yuko upande wa wanaomwogopa mtu mweusi. Filamu hizi mbili zikionyeshwa siku moja, mjadala unajiendesha wenyewe.

Kuhusu ubora, picha ni safi kuliko toleo lolote lililotangulia, likiwemo sanduku la DVD la 2008 la diski nane ambalo bado linauzwa kama mtumba kwenye mitandao na ambalo baadhi ya filamu zake zilitoka kwenye mikanda ya zamani ya video. Sauti ya 1929 itabaki kuwa sauti ya 1929. Rekodi za mwanzo hazina besi, zina mvumo, na watoto wengine wako mbali na maikrofoni. Usiongeze besi kwenye spika, utaongeza mvumo tu; pandisha sauti za kati na usogeze spika karibu na safu za mbele. Kuanzia 1930 muziki wa Le Roy Shield unaingia chini ya mazungumzo na kila kitu kinasikika vizuri zaidi. Maandishi ya Kiswahili hamna kwenye sanduku lolote kati ya haya matatu.

Waliojipiga picha wenyewe

Pioneers of African-American Cinema lilitoka 2016, diski tano, likisimamiwa na Jacqueline Najuma Stewart na Charles Musser, kampuni ya Kino Lorber ikilitoa Marekani na BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, ikilitoa huko. Wengi hulinunua kwa ajili ya filamu ndefu za mwongozaji mweusi Oscar Micheaux kama Within Our Gates ya 1920. Sisi tunataka zile fupi zilizobanwa katikati.

Two Knights of Vaudeville ya 1915 inaanza na mzaha wa kawaida wa enzi hiyo: watu weusi watatu wanapata tiketi za ukumbi wa burudani, hawajui adabu za pale, wanatolewa nje. Halafu inageuka. Wanakwenda kwao na kufanya onyesho lao wenyewe mbele ya majirani. Hapo ukumbi wote ni wa watu weusi, jukwaani na kwenye viti, na ndipo mtazamaji anapoanza kujiuliza nani hasa alikuwa akichekwa mwanzoni. Filamu hii ilisambazwa na kampuni ya Ebony ya Chicago, iliyokuwa na fedha za Wazungu na meneja mweusi, Luther Pollard. Mercy, the Mummy Mumbled na A Reckless Rover, zote za 1918, ni za Ebony wenyewe. Waigizaji ni weusi watupu na wengi wanacheza vizuri mno, wepesi wa mwili na wa uso. Lakini gazeti la watu weusi la Chicago Defender lilizishambulia filamu za kampuni hii mwaka 1917 kwa kuendeleza picha za kudhalilisha, na kufikia 1919 Ebony ilikuwa imefunga. Ugomvi huo ndio hasa wa kufundisha. Kuwa na sura nyeusi kwenye picha hakukuwatosha watazamaji weusi wa Chicago. Walitaka kujua sura hiyo inafanywa nini. Na A Reckless Rover ina kasoro ya ziada inayosahaulika: sehemu kubwa inachezwa kwenye dobi la Mchina, na huyo Mchina anachorwa kwa dharau ile ile ambayo waigizaji weusi walikuwa wakichorwa nayo kwingine.

Hot Biskits ya 1931, ya Spencer Williams, ni dakika kumi za mabishano kwenye mchezo wa gofu, na ni ya kupumzisha akili baada ya zile nyingine. Mwandishi ni mweusi, mwongozaji ni mweusi, na hakuna mtu mweupe ambaye mzaha unamtegemea. Kiufundi haina makuu. Kwa kipimo chetu inapita kila swali.

Jambo moja la kuwaeleza watazamaji mapema ni hali ya picha. Filamu za naitreti, yaani mikanda ya aina ya zamani, huoza, na kwenye Mercy uozo unaonekana waziwazi kama mawingu meupe yanayochemka juu ya nyuso. Vijana hudhani diski imeharibika na huanza kuzungumza. Waambie ndivyo nakala pekee iliyosalia ilivyo, na kwamba sehemu kubwa ya filamu za watu weusi za miaka hiyo haikusalia kabisa.

Anayetaka kwenda mbali zaidi asome habari za Bert Williams, mzaliwa wa Nassau huko Bahamas na mchekeshaji mashuhuri kuliko wote wa asili ya Afrika katika miaka ya 1910. Picha alizopiga na kampuni ya Biograph mwaka 1913, zinazojulikana kama Lime Kiln Club Field Day, hazikumalizwa. Jumba la makumbusho la MoMA la New York liliziunganisha na kuzionyesha 2014. Ndani yake waigizaji weusi wanapanda bembea ya kuzunguka, wanacheza dansi, wanapendana, na nyuso zao ni zao. Ni Williams peke yake, nyota wao, aliyepakwa masizi usoni. Sijaona picha nyingine inayoeleza bei ya umaarufu wa wakati ule kwa uwazi kiasi hicho.

Lafudhi, na msimulizi wa ukumbini

Filamu bubu zinahitaji msomaji. Maandishi ya Kiingereza ya 1915 hupita haraka, mengine yameandikwa kwa tahajia ya makusudi ili kuiga matamshi ya watu weusi wa kusini, na kijana wa nyuma ukumbini hayaoni. Nairobi tuna suluhisho ambalo watu wamelizoea: msimulizi wa moja kwa moja, kwa mtindo ambao DJ Afro aliufanya maarufu kwenye vibanda vya muvi. Hata Japani ya enzi ya filamu bubu ilikuwa na wasimulizi wake waliolipwa na kupendwa kuliko waigizaji. Andika tafsiri ya kila bango la maandishi kwenye karatasi mapema, mpe mtu mwenye sauti, na afanye mazoezi na filamu nzima angalau mara moja kabla ya siku yenyewe.

Hapo pana mtego. Msimulizi akifika kwenye zile tahajia za kuiga, kishawishi ni kumpa mhusika mweusi lafudhi ya kabila fulani la hapa ili watu wacheke. Watacheka kweli, na somo lote limekwisha. Utakuwa umemtoa Mmarekani mweusi kwenye kiti cha kuchekwa na kumkalisha jirani yako. Tumelelewa na vichekesho vya lafudhi. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu na akampa uhai Mzee Ojwang' wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi kwa Kiswahili cha Kijaluo, na nchi nzima ilimpenda hadi alipofariki 2015. Mapenzi hayo ni halali, na ni mfano mzuri wa kuuleta kwenye mjadala baada ya filamu, vijana wenyewe waamue kwa kile kile kipimo: Ojwang' ana wazo lake? Ana neno la mwisho? Ila wakati filamu inaendelea msimulizi asome kwa Kiswahili cha kawaida, au kwa Sheng kama hadhira ni ya Sheng, na wahusika wote wazungumze sawa.

Sanduku la tatu

Cinema's First Nasty Women la 2022, la Kino Lorber, lina diski nne na filamu 99 za Ulaya na Marekani za kuanzia 1898 hadi 1926, zilizokusanywa kutoka hifadhi 13. Ni watumishi wa ndani wanaovunja vyombo vya tajiri, wasichana wanaobomoa nyumba, wanawake waliovaa suruali na kupanda farasi. Kwa upande wa wanawake ni hazina. Kwa upande wa rangi linahitaji mwongozo, kwa kuwa baadhi ya filamu zina dhihaka za rangi na kabila. Soma kijitabu kilichomo kabla ya kuchagua. Filamu nyingi ni za dakika chache, kwa hiyo zinafaa kujaza nafasi kati ya ndefu. Klabu ya shule ya wasichana ingeanzia hapa.

Mitambo

Diski hufungiwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia ambamo mashine zake huzisoma. Kenya iko kanda ya 5 kwa DVD na kanda B kwa Blu-ray. Marekani ni 1 na A. Kwa hiyo Pioneers chukua la BFI, ambalo ni Blu-ray ya kanda B na litacheza bila hila. Diski za Kimarekani zisome nyuma ya kasha kabla ya kulipa: alama ya A peke yake itakataliwa na mashine ya hapa, alama ya ABC itacheza popote. PlayStation zilizonunuliwa Dubai ni B kwa Blu-ray lakini 2 kwa DVD, hivyo DVD ya Kimarekani hazisomi. Ukitumia diski draivu ya kompyuta kwa DVD, kumbuka inaruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha inaganda kwenye ya mwisho. Programu ya VLC mara nyingi husoma DVD bila kujali kanda, kwa hiyo ijaribu kabla ya kugusa mpangilio huo.

Kosa linaloharibu maonyesho mengi ni umbo la picha. Filamu hizi ni karibu mraba, nne kwa tatu, na televisheni au projekta huzivuta zijaze kioo kipana. Watoto wote wanakuwa wanene na Stymie anapoteza ule wembamba unaomfanya aonekane mtulivu. Weka 4:3 au umbo la asili. Kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 240 na kimo cha 135, picha sahihi itachukua upana wa sentimita 180. Zile sentimita 30 nyeusi kila upande ziache. Zima pia ule mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo, kwa sababu unafanya filamu ya 1915 ionekane kama kipindi cha jana.

Kasi nayo. Reli moja ya futi 1,000 ina fremu 16,000. Ikizungushwa fremu 24 kwa sekunde inakwisha kwa dakika 11 hivi. Ikizungushwa 16, karibu dakika 17. Filamu bubu nyingi zilipigwa taratibu, na nakala za mtandaoni zilizorushwa kwa 24 huwafanya watu wakimbie kama vichaa. Hilo linagusa mada yetu moja kwa moja: mchekeshaji mweusi aliyeigiza kwa utulivu anageuzwa kikaragosi na kasi tu.

Kwa vipindi viwili vya shule vilivyoungana, dakika 80, mpangilio unaotosha ni Two Knights of Vaudeville, Dogs Is Dogs, The Kid from Borneo, kisha Hot Biskits. Ni takriban saa moja ya filamu. Dakika tano za utangulizi ziwe kabla ya ya kwanza, na dakika zinazobaki ziwe mwisho, vijana wakiwa na karatasi zao. The Kid from Borneo isikae ya mwisho. Watoke ukumbini na Spencer Williams.

Kibali na ununuzi

Maonyesho ya hadhara yako chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, kwa hiyo filamu zipitie Bodi ya Kuainisha Filamu mapema, na utaje waziwazi kwamba nakala ni kamili. Hakimiliki ya kazi za picha na sauti hapa Kenya hudumu miaka 50, na filamu hizi zimeshapita muda huo kitambo. Muziki mpya uliotungwa na kurekodiwa kwa ajili ya filamu bubu za masanduku haya ni suala jingine, una wenyewe. Ukiwa na mpiga kinanda au ngoma wa klabu, zima sauti ya diski na umwache apige yeye.

Diski zikiagizwa nje, hesabu VAT ya 16% na ada za forodha juu ya bei na usafiri, na uziombe zitumwe kwa njia yenye namba ya kufuatilia. Fedha zikitosha sanduku moja tu kwa sasa, lianze Pioneers la BFI. ClassicFlix huuza pia juzuu moja moja, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja mpaka upate bei ya zote: tafuta yenye filamu za 1930 na 1931, kipindi ambacho Farina na Stymie wako pamoja.